Ukienda Mtera, lala

Mkazi yeyote wa Dodoma atakuambia anaijua Mtera, kule kwenye maji, njia ya Iringa. Mbane kidogo, utakuta anachokijua ni samaki. Basi la Iringa limesimama, akina mama wamekuja dirishani na mabeseni, perege wa kukaanga wamelaliana kama vigae, kanunua wawili, kala huku mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kiwiko, basi limeondoka. Dakika kumi na tano. Mimi mwenyewe niliijua hivyo kwa miaka, tena nilikuwa mbishi hasa juu ya mama yupi anakaanga vizuri kuliko wenzake.

Makala haya ni ya yule anayetaka kushuka na mkoba wake, basi limwache. Nimeshafanya hivyo mara nne. Mara ya kwanza niliharibu karibu kila kitu, ya pili nikaharibu nusu, kwa hiyo mengi ya haya nimeyalipia.

Neno langu la kwanza ndilo kubwa: usiende kwa siku moja. Lala. Ukifika saa nne asubuhi ukaondoka saa kumi jioni, utakuwa umekiona kijiji kikiwa kitandani. Utakuta vijana wamejinyoosha chini ya mkwaju, nyavu zimeanikwa, mbwa hawana hata nguvu ya kukubwekea, nawe utarudi mjini ukisema watu wa kule ni wavivu. Nilisema hivyo. Kumbe wale vijana walikuwa wametoka majini saa moja asubuhi baada ya kukesha, na mimi ndiye niliyewakanyagia usingizi wao nikiuliza kama kuna mtumbwi wa kukodi.

Kwa asiyepajua: Mtera iko zaidi ya kilomita 120 kusini mwa Dodoma mjini, ndani ya wilaya ya Mpwapwa, karibu nusu ya safari ya Iringa. Barabara ni ileile ya zamani ya Cape hadi Cairo, siku hizi ya lami tupu. Unapita Mlowa, unapita Fufu, ukishaiacha Chipogolo nchi inaanza kubadilika: mibuyu inakuwa minene, vilima vinakusogelea, masikio yanaziba kidogo kwa sababu unateremka. Mjini tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Kule ni kama 700, na ngozi yako itakujulisha kabla hujaona maji. Ukiwa unatokea Dodoma kaa upande wa kulia wa basi, ndiko ziwa liliko. Mashariki inakaa milima ya Rubeho, kusini ng'ambo ya Migoli na Izazi kuna ukuta wa Nyang'oro ambao madereva wa malori wanauheshimu kuliko trafiki, na magharibi ni pori, pori, pori, hadi upande wa Kisigo na hifadhi ya Ruaha. Katikati ya vyote hivyo ndipo maji yamelala.

Nimeandika "ziwa" na kuna mtu atanisahihisha. Ni kweli, ni bwawa. Ukuta ulikamilika mwaka 1980, maji ya Ruaha Mkuu, Ruaha Mdogo na Kisigo yakazuiwa, pori likazama likiwa limesimama wima. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kuweka akiba ya maji kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu huko chini. Mitambo ya Mtera yenyewe, megawati 80, ilikuja mwaka 1988. Barabara inavuka juu ya ukuta huo, na hapo naomba usitoe simu. Si mahali pa kupiga picha, utasimamishwa, na maelezo yako kwamba ulikuwa unapiga picha ya ndege hayatasaidia. Ndege wapo wa kutosha mbele.

Sasa, swali la kuuliza kabla hujafunga mkoba. Watu huuliza "hali ya hewa ikoje?" au "gesti ni shilingi ngapi?" Wewe uliza: maji yako wapi?

Bwawa likijaa kabisa kipimo chake ni mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Likishuka hadi mita 690 ndio mwisho wa kuzalisha umeme. Tofauti ni mita nane na nusu tu. Lakini nchi ile upande wa juu ni tambarare kama sinia, kwa hiyo maji yakishuka kidogo kwenda chini yanarudi nyuma mbali sana. Mahali ulipooshea miguu mwezi wa sita, ukirudi mwezi wa kumi na moja utakuta mtu ana shamba la mahindi hapo na ng'ombe wa watu wanachungwa. Mvua za kwetu za kati ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na maji huwa mengi mvua zikiisha, kisha yanapungua polepole hadi mvua nyingine. Mwaka 2006 yalipungua hadi nchi nzima ikakaa kwenye mgao wa umeme, na wengi wetu jina la Mtera tulilisikia vizuri kwa mara ya kwanza mwaka huo, tukiwa gizani.

Mzee mmoja wa pale alinieleza jambo hili kwa namna yake. Alikuwa anashona wavu, kidole gumba cha mguu ndicho kilichoshika kamba. "Sisi tunakunywa alichobakiza mpunga," akasema, akimaanisha mashamba ya Usangu huko juu, Mbarali. Hakuwa analaumu, alikuwa anataja tu anwani ya maji. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi, na mto unaokauka huko juu hauwezi kuleta kitu huku chini.

Haya yote yanamhusu mgeni kwa sababu kijiji chenyewe kina miguu. Kuna nyumba za matofali na mabati juu, karibu na njia, hizo hazihami. Halafu kuna kambi: vibanda vya nguzo, nyasi na maturubai, vinavyoyafuata maji. Safari yangu ya tatu nilimkuta mama ntilie mmoja akihamisha mgahawa wake kwa mkokoteni. Nguzo sita, turubai la bluu, benchi mbili, meko ya chuma, na ubao ulioandikwa "Chai Maziwa, Chapati, Supu". Aliniambia ni mara ya tatu mwaka ule. Nikamuuliza wateja wanamjuaje alipo. Akaniangalia kama mtoto. "Si wanafuata maji, kama mimi?"

Basi ukiambiwa maji yako mbali, jiandae kutembea kwenye tope lililokauka na kupasuka, jua likiwa halina mpinzani. Faida yake ni ndege: maji yakibaki machache samaki wanabanana, na mwari, korongo na furukombe wanajaa kama mnada. Ukiambiwa maji yako karibu, jiandae kwa mbu. Mimi napenda Juni na Julai. Usiku kuna kiubaridi, milima bado ina kijani kidogo, na huhitaji kutembea saa nzima ili uloweshe kidole. Kuna pia vipindi ambavyo uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane. Ukienda wakati huo utapumzika vizuri lakini hutaona hiki ninachotaka ukione, kwa hiyo piga simu kwanza.

Upige kwa nani? Hapo ndipo pagumu. Kijiji ninachofikia sikitaji. Nyumba ile ina vyumba viwili tu vya wageni na mimi bado navihitaji. Lakini vijiji na kambi za namna hiyo viko pande zote mbili za maji, Mpwapwa na Iringa, na njia ya kumpata mwenyeji ni ileile ya tangu zamani: mama anayekuuzia perege dirishani. Muulize anatoka kijiji gani, chukua namba yake, mpigie wiki moja kabla. Wengi wana chumba, au shangazi yao ana chumba. Kama roho inasita, gesti za barabarani zipo na si mbaya, ila utasikia malori badala ya viboko.

Mabasi ya Iringa yanaondokea stendi kuu pale Nanenane. Mwambie konda "Mtera" wakati wa kulipa, kisha umkumbushe tena mkifika Chipogolo, maana konda akishaanza kuhesabu hela husahau binadamu. Panga ufike kabla ya saa nane mchana. Sababu si jua. Sababu ni ofisi ya kijiji, ambayo jioni hufungwa.

Hili la ofisi ndilo nililoliharibu vibaya zaidi. Mara ya kwanza nilishuka, nikapanda bodaboda, nikaenda moja kwa moja kwa mwenyeji wangu, nikaoga, nikachukua simu na kuanza kuzunguka kambini nikipiga picha. Nyavu, mitumbwi, samaki, nyavu tena. Nilishangaa jinsi watu walivyo kimya. Kila nilipofika mazungumzo yalikatika, na mtu mmoja alikalia kabisa rundo la wavu wake, akatabasamu. Saa moja jioni mgambo wawili wakabisha hodi nyumbani wakitaka kujua yule mgeni ni nani. Kijiji kizima kilikuwa kimeshaamua kwamba mimi ni mtu wa idara ya uvuvi, nimetumwa kupiga picha nyavu za macho madogo zisizoruhusiwa, na kesho yake patakuwa na msako.

Mwenyeji wangu, mama wa makamo ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, alinieleza mambo yakiisha. Alisubiri wale mgambo waondoke, akanisogezea stuli. "Mwanangu," akasema, "humu tunavua samaki. Wewe leo umenivua nguo."

Nimeomba msamaha kwa watu wengi maishani lakini sikumbuki wa usiku kama ule.

Kwa hiyo: nenda ofisini. Kama mtendaji hayupo, muulize mwenyekiti wa kitongoji au balozi. Kuna kitabu cha wageni, unaandika jina, utokako, namba ya simu, na shughuli iliyokuleta. Kwenye safu ya shughuli usiandike "kutembea". Mjini neno hilo lina maana, kijijini mtu anayetembea bila kumtembelea yeyote anatia wasiwasi. Mimi huandika "kupumzika na kuona uvuvi, nimefikia kwa mama fulani". Mwenyekiti akishasoma hapo kwenye "kwa mama fulani" uso unafunguka, kwa sababu sasa kuna mtu wa kuulizwa. Simu ibaki mfukoni siku ya kwanza. Siku ya pili watoto wenyewe watakuomba uwapige picha, na mama zao watakuja kuangalia zimetokaje.

Salamu utazijua mwenyewe. Shikamoo kwa kila aliyekuzidi, hata kwa mvuvi aliyekuzidi miaka mitatu na amevaa kaptula. Ukimwambia Mgogo "mbukwenyi" au Mhehe "kamwene" utachekwa kwa furaha, halafu mtarudi kwenye Kiswahili, maana kambini kuna watu wa kila mahali. Nimewakuta waliozaliwa kando ya Ziwa Nyasa na wengine wa Ziwa Victoria, waliofuata samaki wakaishia kuoa. Usikimbilie kuuliza bei ya mtumbwi. Kaa, pokea maji, sema habari za njiani, za mvua, za mjini. Shida yako iseme ukiwa unaanza kuinuka.

Chakula kinahitaji neno. Yule perege wa kukaanga tunayemsifu Dodoma ni wa abiria. Nyumbani hawamkaangi, labda awe wa jana. Niliangalia mara ya kwanza nikadhani mama amesahau mafuta. Alimpara magamba, akamtia chale tatu kila ubavu, akachukua chumvi ya mawe kwa kidole gumba na kuisukumiza ndani ya kila chale kama anayebandika stempu. Sufuria, maji kidogo, nyanya moja iliyopondwa kwa mkono, kisha ukwaju uliolowekwa, rojo lake tu, kokwe zimeachwa kwenye bakuli. Likafunikwa. Dakika ishirini hivi. Tulimla na ugali wa uwele na mlenda pembeni, na mchuzi ule ulikuwa na uchachu unaokuamsha nyuma ya masikio. Tangu siku hiyo perege wa basi namnunua kwa heshima tu.

Mtakula mapema, na saa mbili usiku kijiji kitakuwa kimya isipokuwa redio moja. Chandarua kiwe chako mwenyewe, kile cha mwenyeji huenda ndicho wanacholalia watoto. Kisha utasikia viboko. Wa kwanza atakushtua, sauti yake ni ya mzee anayecheka kitu kichafu. Usiku wanatoka majini kwenda kula majani na wanapita njia zao zilezile, ambazo kwa bahati mbaya ni nzuri na pana na zinafanana na njia za watu. Mambo ya chooni yamalize kabla ya giza. Ukizidiwa, mwamshe mwenyeji, chukueni tochi, msikimbie. Usije ukasimama kati ya kiboko na maji ukidhani unapunga upepo. Mamba ni suala jingine na jibu lake ni fupi: usioshe kitu wala usichuchumae ukingoni, oga kwa ndoo uani. Utawaona watoto wakipiga mbizi. Wao wanajua wapi na saa ngapi, na hata hivyo kuna kichocho. Usiwaige.

Mwambie mwenyeji akuamshe saa kumi alfajiri. Atakuamsha saa kumi na nusu, inatosha.

Unateremka gizani ukifuata harufu ya moshi hadi mwaloni, pale mitumbwi inapofikia. Mwanzo huoni kitu. Unasikia kwanza: ko, ko, ko, kutoka mbali, kisha mwingine upande wa kushoto, ko, ko. Ni wavuvi wanagonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia, kuwaambia viboko kwamba tupo, tunapita. Halafu maji yanabadilika rangi, kutoka meusi kuwa kama bati, na mitumbwi inajitokeza mmoja mmoja kana kwamba inachorwa. Kelele zinaanza. Mama wenye mabeseni, vijana wenye baiskeli, mizani imening'inizwa kwenye mti wa pembe tatu, mtu mwenye daftari. Perege wanamwagwa, kambale wanagaragara na masharubu yao. Kwa muda wa kama saa moja na nusu kijiji kile kina watu wengi na haraka nyingi kuliko soko la Majengo, halafu kwisha. Ifikapo saa mbili na nusu unaweza kudhani uliota.

Hapa ndipo nilipoharibu safari ya pili. Nilimwona kijana mwenye perege wakubwa, nikamwambia nitachukua wote, nikataja bei kubwa kuliko niliyosikia ikitajwa pale kwenye mizani. Nilijiona mkarimu. Kijana akaangalia miguu yake. Mtu wa daftari akaja, akaanza kusema kwa sauti ya kusikiwa na wote kwamba kuna watu wamesahau nani aliwanunulia nyavu. Baadaye nilieleweshwa. Wavu si wa kijana, pengine na mtumbwi pia si wake. Tajiri ndiye aliyetoa mtaji, na makubaliano ni kwamba samaki wanapita kwake, kwa bei yake, hadi deni liishe, na deni lina tabia ya kutoisha. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya utaratibu huo. Mimi ninayo. Lakini mgeni wa siku mbili anayepandisha bei mbele za watu anamwachia kijana ugomvi na kupanda basi.

Unachoweza kununua bila kumtia mtu matatani ni kitoweo. Kila aliyekesha ana fungu lake la kupeleka nyumbani, na hilo ni lake kweli. Mwambie mwenyeji wako, yeye atajua nani leo ana fungu kubwa na watoto wachache.

Mtumbwi wa kutembelea uombwe jana yake, kupitia mwenyeji, bei ikubaliwe kabla mguu haujaingia. Muda ni baada ya mizani, kati ya saa mbili na saa tatu na nusu hivi. Zaidi ya hapo upepo unaanza, na upepo juu ya maji yasiyo na kina kirefu hutengeneza mawimbi mafupi yanayofuatana, mabaya kwa mtumbwi. Jaketi la kuokolea maisha njoo nalo, kule usitegemee. Mimi nina langu la rangi ya chungwa ambalo linachekesha kambi nzima, na mara ya mwisho mpiga kasia aliniomba alijaribu, akakaa nalo safari nzima. Nilirudi bila jaketi mwilini, jambo ambalo sikushauri.

Kaa chini kabisa, katikati. Usisimame kwa ajili ya picha. Ile miti iliyozama zaidi ya miaka 40 iliyopita mingine bado imesimama, mieupe kama mifupa, na mnandi wamekaa juu yake wametanua mabawa kama makoti yaliyoanikwa. Hiyo unaiona. Iliyovunjikia chini kidogo ya maji huioni, na mpiga kasia anaijua kwa jinsi unavyoijua ngazi iliyovunjika nyumbani kwako. Mwache aende anakotaka yeye.

Mkishafika mbali kidogo, geuka. Kambi inakuwa mstari wa moshi tu. Nyuma yake vilima, nyuma ya vilima milima, hakuna paa, hakuna njia, ni kijani kilichofifia na kuwa bluu. Mjini nakaa mtaa ambao kila wiki mtu anaanza msingi mpya, sikumbuki ni lini macho yangu yaliwahi kwenda mbali namna ile bila kugonga tofali. Nilimuuliza mpiga kasia, ili tu kusema kitu, haya maji yakitoka hapa yanakwenda wapi. Nilikuwa na jibu langu tayari: Kidatu, kisha Rufiji, kwenye bwawa la Nyerere lenye megawati 2,115, kisha bahari, yaani tone moja linafanya kazi mara tatu kabla halijaonja chumvi. Hakunipa nafasi. "Yanakwenda kwenu," akasema. "Si ndiyo taa zenu?" Kambi yake inatumia sola, taa moja na chaji ya simu. Nyaya kubwa zinapita mbali kidogo, zikielekea kwetu.

Kurudi. Mabasi ya kutoka Iringa yanapita mfululizo mchana, unasimama tu. Tatizo ni samaki. Safari ya kwanza nilibeba perege wabichi kwenye mfuko wa plastiki mgumu, kilo kama nane, nikijiona mwerevu. Konda akaniuliza kuna nini, nikasema nguo. Kufika Mlowa dirisha zote za upande wetu zilikuwa wazi na abiria mmoja alikuwa anasoma dua. Sasa mama ananikaangia nusu kavukavu jioni, nusu wanabanikwa kwa moshi, wanapoa usiku kucha, asubuhi wanaingia kwenye ndoo yenye mfuniko. Chukua wa kula nyumbani tu. Ukibeba mzigo unaofanana na biashara, njiani utaulizwa vibali.

Viatu nusura nisahau. Raba nyeupe zangu za safari ya kwanza ziko chini ya kitanda hadi leo, si nyeupe. Vaa katambuga, au gambuti kama maji yako karibu. Hela taslimu, noti ndogondogo, kwa sababu mtandao unakuja na kuondoka na wakala yuko barabarani. Tochi yenye betri mpya.

Na zawadi. Nilikuwa napeleka sukari na sabuni kama kila mtu, hadi nilipouliza. Mama akasema sukari anayo, duka liko hapo. Akacheka, akafikiri, akasema kama ningeweza, basi zabibu. Amepitiwa na malori yenye zabibu za Dodoma maisha yake yote na hazijawahi kusimama. Sasa hiyo ni kazi yangu: zikiwa msimu, Februari na Machi au Agosti na Septemba, namfungia kilo tatu kwenye boksi. Hana haraka nazo. Anakula moja, anasubiri, anakula nyingine, na za wajukuu anazihesabu.

Ndoo yake ya mwisho, ile nyekundu yenye mfuniko mweupe uliopasuka pembeni, bado iko jikoni kwangu. Amepiga jana kuiulizia. Jumamosi inarudi, na maji, anasema, yameshasogea hadi kwenye ule mkwaju.